Kifuniko cha Dumu la Maziwa

Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, wanasema wenye busara. Si kweli. Mimi nimezipiga kuta ngumi tangu ujana wangu, na mkono uliovunjika ni wa mwenye ukuta.

Jina langu Hillechien Oosting. Kijijini kwetu, jimbo la Drenthe, Uholanzi, wananiita Hille, hata wale wanaoniombea kifo. Nilikuwa mwandishi wa gazeti la jimbo mpaka lilipofungwa, kisha nikaingia siasa, nikawa naibu meya wa ardhi na ujenzi. Watu hudhani hizo ni kazi mbili. Ni moja. Unagonga mlango wa mtu, unamwambia jambo asilotaka kulisikia, halafu unasubiri uone atashika nini mkononi.

Wa kwanza alishika mpini. Derk Holties, mfanyabiashara wa samadi, alikuwa akimwaga uchafu wa nguruwe kwenye mtaro ambao ng'ombe wa watu walikunywa. Nilikuwa nimeinama nyuma ya tangi lake napiga picha. Sikusikia hatua zake. Nilichosikia ni pua yangu, ilitoa sauti ya mtu anayeuma biskuti kavu. Nilitambaa kwenye tope mpaka kwenye gari, damu ikinijaa kinywani, na kamera nikaitia ndani ya sidiria.

Habari niliiandikia hospitalini. Lakini gazeti letu lilikuwa na desturi yake: mtu uliyemtaja ana haki ya kusoma maneno yake kabla hayajachapwa. Kwa hiyo nikaenda kwa Derk na plasta usoni. Mkewe alinimiminia kahawa, akanipa biskuti moja, akafunga kopo. Derk alivaa miwani, akasoma huku kidole kikifuata mistari.

"Hapa umekosea," akasema.

"Wapi?"

"Umeandika nilikupiga kwa mpini wa koleo. Ulikuwa mpini wa uma wa samadi."

"Nitarekebisha. Mengine?"

"Mengine sawa."

Alifungwa jela kwa habari ile. Hivyo ndivyo tulivyo. Mtu wa kwetu atakupasua kichwa, lakini hatakubali uandike vibaya alichokupasulia.

Sasa nije kwa Wolter Pepping, jirani yetu wa kwanza.

Kwetu jirani wa kwanza si mtu wa karibu tu. Ndiye anayekamua ng'ombe wako ukiugua. Ndiye anayesimamisha saa ya ukutani mtu akifa nyumbani mwako, na ndiye anayeshika kona ya mbele ya jeneza. Hamchaguani. Nyumba zenu zimewachagulia. Baba yangu, Lubbert, alimbeba baba yake Wolter. Wolter alimbeba mama yangu. Na baba, alipofika umri wa kutembea na fimbo, kila alipomwona Wolter alimpigia kelele toka upande wa pili wa mtaro: "Wewe! Punguza bia, kitambi hicho kitakuzuia kunibeba!"

"Wewe punguza jibini, mzee," Wolter alimjibu. "Mimi mgongo wangu mmoja tu."

Mimi na Wolter tulisoma darasa moja. Aliwahi kunisukuma mtaroni, nikamng'ata sikio. Kovu analo mpaka leo.

Mwaka niliopata unaibu meya, Wolter aliomba kibali cha zizi jipya, kubwa kuliko kanisa. Zizi lile lingemwaga mkojo wake kwenye kinamasi tunachokilinda, kile kipande kilichobaki baada ya babu zetu kukata udongo wake wa mboji, wakaukausha na kuuchoma jikoni kama kuni. Nikaenda jikoni kwake, nikaketi, nikamwambia uso kwa uso kwamba ninakataa.

"Unaniua, Hille," akasema.

"Nakunyima zizi, Wolter. Hujafa."

"Benki inasubiri zizi hilo. Mwanangu anasubiri zizi hilo. Unadhani tofauti iko wapi?"

Niliweka saini. Baada ya hapo vita vikaanza. Bendera ya taifa ikapeperushwa kichwa chini mbele ya kila shamba, ishara ya wakulima wenye hasira. Matairi yakachomwa getini kwetu, moshi ukaingia mpaka kwenye shuka. Asubuhi moja nikakuta kitoto cha nguruwe kimenyongwa kwenye mti wetu wa tufaha, shingoni kimefungwa kibao chenye jina langu, kile cha mlango wa ofisi yangu. Pale kwa mwoka mikate, mama mmoja niliyemfundisha kuogelea alinizaba kofi, kisha akaendelea kusubiri zamu yake kwenye foleni kana kwamba amefukuza nzi. Kijana asiye na jina akanipasulia kioo cha gari nikiwa ndani.

Chama changu kilipenda sana. Naam, kilipenda. Picha yangu nikiwa na vipande vya kioo kichwani ilizunguka nchi nzima, na viongozi wakaniweka juu kwenye orodha ya wagombea wa bunge, kule Hague. "Watu wanapenda mtu asiyetishika," mwenyekiti aliniambia kwenye simu. Yeye alikuwa Amsterdam. Huko hakuna anayenyonga nguruwe.

Polisi walikuja wakakagua nyumba. "Fungeni mapazia," afisa akasema. "Usiku na mchana."

Baba alimtazama kama aliyeambiwa avue suruali. "Nyumba hii haijafunga pazia tangu ilipojengwa. Anayefunga pazia ana la kuficha. Wewe kwenu mnaficha nini?"

"Mzee, ni kwa usalama."

"Usalama wa nani? Wote wanaopita hapo nawajua."

Hilo ndilo kosa letu, na kosa la watu wote wa kwetu. Tunadhani ukimjua mtu, umemaliza.

Siku ya mwisho ya mwaka, jioni, kama kawaida, wanaume walitoka mashambani na madumu ya zamani ya maziwa, ya chuma, kupiga kabaidi, mizinga yetu ya Mwaka Mpya. Unalaza dumu, unatia mawe ya kabaidi, unayatemea maji, unafunga kifuniko kwa nguvu, unangoja gesi ijae. Kisha unapeleka mwenge kwenye tundu lililo kitakoni, kifuniko kinaruka kama risasi, na ardhi inatikisika mpaka kwenye meno. Siku hizi wengi wanaziba dumu kwa mpira wa miguu, maana mpira hauui. Wolter na wenzake hawakuwa watu wa mpira. Walitumia kifuniko cha chuma.

Mimi nilikuwa jikoni nakaanga maandazi ya Mwaka Mpya yenye zabibu kavu. Baba alikuwa sebuleni, dirishani, kwenye kiti changu. Kiti changu ndicho kilichokuwa na mto mgongoni na taa ya kusomea, na kutoka hapo shamba la Wolter lilionekana lote. Wakati wake baba alikuwa fundi wa kabaidi. Hakuweza kukosa.

"Hille! Njoo uwaone wapumbavu hawa!" alipiga kelele. "Kabaidi nyingi, maji kidogo. Ningekuwa mimi ningewachapa."

"Baba, kaa mbali na dirisha."

"Nikikaa mbali nitatazama nini, kalenda?"

Mlipuko. Vikombe vikacheza kabatini. Kule nje wakashangilia.

"Hiyo ilikuwa nzuri," akakubali. "Leta andazi, lenye sukari nyingi. Usinihesabie punje."

Nilinyunyiza sukari ya unga mpaka sahani ikawa nyeupe. Nikamsikia akinung'unika, kwa sauti ya mtu anayejisemea: "Sasa mbona wamegeuza dumu?"

Sikupata kuvuka kizingiti. Dirisha lote liliingia ndani. Sikusikia mlipuko wenyewe, nilisikia tu kimya kilichofuata, na ndani ya kimya hicho kitu cha chuma kikizunguka sakafuni kama sarafu, taratibu, mpaka kikatulia. Baba alikuwa bado ameketi. Nusu ya uso wake ilikuwa ya baba. Nusu nyingine sitaiandika, na mimi ni mtu niliyeandika maiti za watu wengi. Kioo kirefu kilikuwa kimesimama shingoni mwake kama kisu kwenye mkate, na damu ilitoka kwa mapigo, ikitua juu ya maandazi. Mkono wake ulikuwa unanitafuta. Niliushika. Nilikandamiza taulo shingoni, nikapiga simu kwa mkono mwingine, nikawaelekeza, na nikaendelea kukandamiza mpaka waliponisukuma kando.

Walipombeba na kuondoka, nilikiona kifuniko. Kilikuwa chini ya kabati. Nilikiokota.

Nilivaa viatu vya mbao vya baba mlangoni kwa nyuma, nikavuka mtaro, nikapita shambani. Wanaume walikuwa wamesimama wakiwa na chupa mkononi, wakinitazama nikija. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekimbia. Wolter alikuwa kando ya dumu, bado ameshika mwenge. Uso wake ulikuwa mweupe kama jibini.

"Hille," alisema, "dumu limeteleza. Tope hili…"

"Kifuniko chako, jirani," nikasema. "Nimekirudisha."

Nikampiga nacho. Alikinga uso kwa mkono wa mwenge, na pigo la kwanza likatua kwenye kiwiko. La pili likampata bega. Akaanguka juu ya dumu, mkono ule umetandazwa kwenye chuma, na hapo nikaupata vizuri. Nilipiga vidole. Nilipiga kiganja. Nilipiga mpaka kikaacha kuwa kiganja. Alikuwa akilia jina langu, jina la utotoni, na mimi nikalisikia vizuri sana na nikaendelea kupiga. Mtu mmoja alinishika kiuno. Mwingine akanipiga ngumi ya taya, jino likatoka, nikalitema kwenye tope pamoja na damu.

"Inatosha, mama!" walikuwa wanapiga kelele. "Utamuua!"

"Niachieni basi nimalize!"

Baba alikufa asubuhi ya Mwaka Mpya, hospitalini. Polisi walimchukua Wolter, wakamhoji, wakamrudisha nyumbani. Wanaume wote waliokuwepo walisema neno moja: dumu liliteleza kwenye tope. Ajali. Mimi ndiye niliyeandikiwa shtaka la kujeruhi, na nilikubali, maana lilikuwa kweli. Hilo mahakama italiamua.

Kisha akaja mlangoni.

Alikuja kwa mlango wa mbele, ambao kwetu hutumika kwa harusi na maiti tu. Alikuwa amevaa suti nyeusi, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka begani, kofia ameishika kwa kushoto. Nyuma yake, barabarani, kijiji kilikuwa kimesimama kutazama.

"Nimekuja kusimamisha saa," akasema. "Na kupanga wabebaji. Nitabeba kwa mkono huu mmoja."

"Unasema nini?"

"Ni wajibu wangu, Hille. Mimi ndiye jirani wa kwanza."

"Wewe ndiye uliyemuua."

"Hata hivyo," akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hayafuti. "Hata hivyo ni mimi. Alimbeba baba yangu. Usininyime."

Nilimfungia mlango usoni. Kisha nikaingia sebuleni, palipokuwa pamepigwa mbao upande mmoja, nikapanda kiti, nikatundika shuka la kitanda kwenye dirisha lililobaki. Nje nikasikia watu wakiguna, wote kwa pamoja. Kwa mkono uliovunjika hakuna aliyeguna vile.

Bila jirani wa kwanza, hakuna mwanamume wa kijiji aliyekubali kubeba. Niliwapigia wenzangu wa gazeti lililokufa. Walikuja, wazee wenye migongo mibovu na makoti ya mjini, wakabishana uani nani ashike mbele.

"Wewe mfupi, utamwaga marehemu," Tjaart, aliyekuwa mhariri wangu, alimwambia mpiga picha.

"Na wewe hata aya hujawahi kuibeba mpaka mwisho."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu maandazi. Njiani kuelekea makaburini tulikuta barabara imemwagiwa samadi mbichi, nene, toka uzio hadi uzio. Wanakijiji walisimama kando wamefumbata mikono. Tjaart aliteleza, kona ya jeneza ikagonga chini, na hakuna aliyenyoosha mkono. Tulimzika baba kwa viatu vinavyonuka. Mwenyewe asingejali, alinuka hivyo maisha yake yote.

Wiki ile ile meya akaja, Liesbeth Terpstra, mwanamke mpole aliyeamini hakuna moto usiozimwa kwa kahawa. Aliketi jikoni kwangu, akazungusha kijiko muda mrefu.

"Baraza litapiga kura ya kutokuwa na imani nawe," akasema. "Lakini kuna njia. Wolter ataomba radhi kwa ile ajali. Wewe utaomba radhi kwa mkono na kwa mlango. Kila mmoja kidogo. Tunamwaga mchanga juu, tunasonga mbele."

"Kwa mlango?"

"Hasa kwa mlango. Mkono wanauelewa, Hille. Kila mtu ana hasira. Lakini kumnyima mtu kubeba jeneza…" Akaweka kijiko chini. "Na chama kimenipigia. Ukiomba radhi, nafasi yako ya bungeni ipo. Usipoomba, hawakujui. Kazi yako yote, tangu pua ile. Utaitupa kwa neno moja?"

Kazi yangu yote. Nilijua hakuwa anatia chumvi. Gazeti limekufa, baba amekufa, kilichobaki ni kiti kile cha Hague, nami nilikitaka. Nisijifanye. Nilikitaka kama mtu anavyotaka maji.

"Nitaandika hotuba," nikamwambia.

Niliandika mbili. Katika moja niliomba radhi, na ilikuwa nzuri, ingeliza watu. Nyingine ilisema tu yaliyotokea. Na kwa sababu desturi haifi na gazeti, nilichukua ile ya pili nikavuka mtaro, nikagonga kwa Wolter. Mkewe, Fenna, alifungua, akanitazama kama mbwa aliyerudi na kichaa, lakini akaweka kahawa mezani. Hakuweka biskuti.

"Umetajwa humu," nilimwambia Wolter. "Soma kabla sijaisema."

Alishindwa kushika karatasi na miwani kwa mkono mmoja, kwa hiyo nikamsomea. Alisikiliza macho yakiwa mezani. Nilipofika pale nilipoandika, "Wolter Pepping aligeuza dumu, akailenga nyumba yetu," aliinua mkono mzima.

"Hapo umekosea."

"Utasema liliteleza?"

"Wolter!" Fenna akasema. "Nyamaza!"

"Siwezi kuacha liandikwe vibaya," alimwambia mkewe. Kisha akanigeukia. "Sikulenga nyumba. Nililenga kiti chako. Mapazia yalikuwa wazi, niliona kichwa kwenye taa. Nilidhani ni wewe. Mzee nilidhani amelala. Nisingempiga mzee kamwe. Andika hivyo. Andika nilikulenga wewe."

Kalamu ilikuwa mfukoni. Nilirekebisha.

"Mengine?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya kazini.

"Mengine sawa." Kisha akasema, polepole, "Mkono huu hautapona, daktari amesema. Sikudai kitu. Nilistahili. Lakini mlango ule, Hille. Omba radhi kwa mlango tu. Nitakwenda jela na nitalala usingizi. Hata neno moja."

Nilikunywa kahawa yangu mpaka mwisho, nikaondoka.

Ukumbi wa baraza ulijaa mpaka ngazini. Wakulima walikuja na ving'ora, mtu akarusha yai likapasuka kwenye kibao kipya cha jina langu. Wolter aliketi mstari wa mbele, suti ile ile nyeusi. Meya alinitikisia kichwa kwa matumaini, na kwenye simu yangu, chini ya meza, mwenyekiti wa chama alikuwa ameandika: *Sema tu, tumalize.*

Nilisoma. Nilisoma kifuniko, kioo, maandazi, mkono, mlango. Nilisoma na marekebisho: "Alilenga kiti changu. Alidhani ni mimi."

"Mwongo!" wakapiga kelele. "Liliteleza! Malaya wa magazeti!" Mwanamume mmoja alivuka uzio wa mbao, akanifikia, akanikaba koo kabla askari hawajamng'oa. Kiti kiliruka, kikampata karani begani.

Wolter alisimama. Alivua kofia kwa mkono wake wa kushoto, akatikisa kichwa kukubali, mara moja, mbele ya wote waliosema uongo kwa ajili yake. Ukumbi ukatulia. Askari wawili wakasogea, wakasimama kando yake kwa adabu, kama wabebaji.

Alikuwa ananitazama. Nilijua anasubiri nini. Wote walijua. Meya alivuta kipaza sauti karibu.

"Yeye amekiri yake, Hille," akasema kwa upole. "Ni mtu aliyekubali kosa mbele ya kijiji kizima. Sasa wewe. Kwa mkono, kwa mlango. Hata kwa mlango tu."

Koo langu lilikuwa linauma. Nilikunja karatasi.

"Siombi radhi kwa mkono," nikasema. "Siombi radhi kwa mlango. Siombi."